Historia: Chungu nyuma ya bunduki, au nani alichora nyumba ya askari

Leo tunaweka kando kidogo habari za barabara na bei ya ndagala, tuzungumze historia. Swali la leo ni fupi: askari anapika wapi?

Msicheke. Anayekaa karibu na kambi ya askari analijua jibu. Asubuhi moshi unapanda juu ya vibanda vya turubai. Mama mwenye mtoto mgongoni anakwenda kutafuta kuni, na watoto wa kambi wanapanga bidoni bombani pamoja na watoto wa raia. Askari wakipewa amri ya kuhama, magodoro, masufuria na kuku hupanda lori moja na masanduku ya risasi. Huyo mke wa askari, wengi wetu hatujui tumwogope au tumwonee huruma. Sokoni anabembeleza bei kama mama yeyote. Jioni pengine anapika sombe iliyochumwa katika shamba la mtu aliyekimbia, na mwenye shamba naye analala chini ya turubai lake mahali pengine.

Nilitaka kujua watu wa zamani walimwonyeshaje huyu mama na nyumba yake ya kuhamahama. Nikatafuta katika picha, hasa picha za chapa, kwa sababu kabla ya simu na televisheni hizo ndizo zilizotembea dunia nzima na kuwafundisha watu vita vinafananaje.

Kwa wasiojua, picha ya chapa si ngumu kuieleza hapa kwetu. Nani hajaona kijana akichonga muhuri, kashe kama tunavyosema, kwa wembe na soli ya kandambili? Unachonga kinyumenyume, unapaka wino, unagandamiza kwenye karatasi, na unaweza kurudia mara mia. Wazungu walifanya hivyo kwa ubao mgumu, kwa bati la shaba lililoliwa na asidi, na baadaye kwa jiwe laini linalochorwa kwa kalamu ya mafuta, ndiyo litografia. Hata kikwembe alichovaa mama ni ndugu wa kazi hiyo. Nguvu yake iko katika kurudia: mchoro mmoja unaingia nyumba elfu.

Sasa turudi ziwani. Mwezi wa 4 mwaka 1858, Waingereza wawili, Burton na Speke, walivuka Tanganyika kwa mitumbwi wakapita Ubwari, hapo hapo mbele ya macho ya watu wa Baraka, wakaelekea Uvira. Burton alidhani Ubwari ni kisiwa. Wabembe aliwaandika kuwa watu wanaokula watu, na uongo huo ukasafiri kuliko yeye mwenyewe. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1860, kikiwa na picha za chapa. Stanley alipita ncha ya kaskazini ya ziwa pamoja na Livingstone mwaka 1871, na kitabu chake cha 1872 nacho kilijaa picha za namna hiyo. Kazi ilikwenda hivi: msafiri analeta mchoro wa harakaharaka au maelezo, kisha fundi wa mjini, ambaye Afrika hajaiona hata kwa mbali, anauchonga kwenye ubao. Palipokosekana habari alijaza kwa alichokizoea. Ndiyo maana katika vitabu vya wakati ule utaona milima yetu imekaa kama ya Uswisi, na kila mwanaume ameshika mkuki hata anapokula.

Misafara ile ilikuwa na walinzi wenye bunduki. Burton alipewa Wabaluchi waliokuwa askari wa Sultani wa Zanzibar, na katika kitabu chake anawalalamikia bila kuchoka. Wakiwa njiani walinunua watu na kufanya biashara zao, wakajijengea mji mdogo ndani ya msafara. Maneno yanaueleza mji huo. Picha zinapenda zaidi mtumbwi, mlima, na mkubwa wa msafara amesimama. Tangu mwanzo, basi, macho yalielekezwa upande mmoja.

Sehemu iliyo nono zaidi inakuja na Wajerumani. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alikusanya jeshi la kuivunja vita ya Abushiri pwani ya Tanganyika. Alikwenda Cairo akachukua mamia ya Wasudani waliokuwa wamelitumikia jeshi la Misri, akaongeza wengine kutoka Msumbiji. Wasudani hawakuja peke yao. Walishuka melini na wake na watoto. Tangu siku ya kwanza jeshi lile lilikuwa la familia, na Wajerumani walilielewa hilo haraka: ukimnyima askari nyumba, umemnyima sababu ya kubaki.

Mwanahistoria wa Marekani, Michelle Moyd, aliandika kitabu juu ya askari hao kilichotoka mwaka 2014. Anaonyesha kuwa askari wa Wajerumani alitaka jambo ambalo kila mwanaume wa wakati ule alilitaka: awe mtu mkubwa, mwenye mji, mwenye wake, wategemezi, ng'ombe ikiwezekana, na wageni wa kukaribisha. Kando ya kila boma palikuwa na kijiji cha askari. Humo wanawake walilima, walipika, walitengeneza pombe na kuiuza. Kulikuwa na vijana waliombebea askari bunduki na mkeka, wakitumaini kuwa askari siku moja. Kulikuwa pia na wanawake na watoto waliotekwa vitani, wakaingizwa katika nyumba ya askari bila kuulizwa. Hapo ndipo hadithi ya "familia ya askari" inapoacha kuwa tamu. Ndani ya nyumba moja ungemkuta mke wa ndoa aliyetoka naye Sudani, na pembeni yake msichana aliyechukuliwa kijiji kilipochomwa. Wote wawili wanakoka moto mmoja.

Picha za kijiji hicho zipo. Mpigapicha Walther Dobbertin alifanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, na vita vilipoanza akaingia jeshini pamoja na kamera yake. Kadi za posta za askari wa Afrika Mashariki zilichapwa na kuuzwa, zikapelekwa kwa shangazi na mama wadogo huko Berlin na Hamburg. Askari amesimama wima, kofia imenyooka. Akiwa na mke, mke amepambwa, naye amesimama wima. Ni nyumba iliyovalishwa kwa ajili ya mgeni. Chungu kinachochemka, mtoto anayelia, ugomvi wa posho, hayo hayauzwi posta.

Halafu vita vikafika kwetu. Tarehe 22 mwezi wa 8 mwaka 1914, meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune kule Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Tangu siku ile ziwa likawa la Wajerumani kwa mwaka mzima na zaidi, na watu wa pwani hii, kuanzia Uvira hadi Moba, waliangalia moshi wa meli kama tunavyosikiliza leo ndege isiyojulikana. Waingereza wakaleta mashua mbili kwa nchi kavu, Mimi na Toutou, zikavutwa milimani kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu. Desemba 1915 zikaikamata Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig. Meli kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi wa 7 mwaka 1916. Baadaye iliinuliwa, ikapewa jina Liemba. Ndugu wa Nyarugusu, jina hilo hamhitaji kuelezwa.

Kwa upande wa Kongo lilikuwa jeshi la Force Publique, ambalo Septemba 19, 1916 liliingia Tabora. Nalo lilikuwa jeshi la nyumba. Kambi za Force Publique zilikuwa na wake za askari, na wakubwa wa Kibelgiji walipenda iwe hivyo, kwa sababu mwenye mke hatoroki upesi. Chini ya askari kulikuwa na wapagazi. Zaidi ya Wakongo 200,000 walibebeshwa mizigo katika vita ile. Wengi wao walikuwa wakulima waliokamatwa shambani. Ukipiga hesabu, nyuma ya kila bunduki moja walitembea watu kadhaa wasio na bunduki, na nyuma yao kukabaki shamba lisilolimwa.

Upande wa Wajerumani, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikimbizana na Waingereza, Wabelgiji na Wareno miaka minne. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1920, na humo anawataja wanawake zaidi kuliko unavyotarajia kwa jenerali. Waliufuata msafara kilomita maelfu, kutoka kaskazini hadi ndani ya Msumbiji na kurudi. Walibeba vyungu, kuku, watoto na mali ya nyumba. Wengine walijifungua njiani, wakapumzika kidogo, wakaendelea kutembea. Ilibidi wapangwe na wawekwe chini ya uangalizi ili wasivuruge safu. Anasema pia kwamba walipoteka ghala lenye vitambaa, msafara mzima uligeuka rangirangi kama sherehe. Nikisoma hapo nahisi mzee yule anatabasamu. Anayasimulia kama kichekesho, na papo hapo bila kukusudia anatuambia ukweli: jeshi lake lilikuwa mji unaotembea, na bila mji huo asingefika hata Rufiji.

Ndani ya kitabu hicho, tafsiri ya Kiingereza inatangaza michoro 13 ya msaidizi wa jenerali. Huyo ni Walter von Ruckteschell, msanii aliyezaliwa Saint Petersburg mwaka 1882, aliyekutwa na vita Afrika akavaa sare. Ndiye pia aliyeshirikiana na Lettow-Vorbeck katika kitabu cha vijana kinachoitwa Heia Safari!, cha 1920. Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo silikatai. Alijua kuchora uso wa mtu mweusi bila kuufanya kinyago, jambo ambalo wachoraji wengi wa wakati wake lilikuwa limewashinda. Aliishi na watu wale, alikula nao, aliugua nao. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyeweza kuchora nyumba ya askari ilivyo, ni yeye.

Lakini mchoro una mteja. Ujerumani ilikuwa imeshindwa, imenyang'anywa makoloni, nayo ilitaka kusikia kwamba Waafrika waliwapenda. Kwa hiyo askari wa vitabu hivyo ni askari mwaminifu, amesimama, anamtazama mkubwa wake. Hata kabla vita havijaisha, mwaka 1918, Fritz Grotemeyer alikuwa amechora bango la kuomba michango kwa wapiganaji wa makoloni: jenerali juu ya farasi, askari weusi nyuma yake. Bango lile lilichapwa, likabandikwa mijini, na jicho la mpita njia likafundishwa kwamba vita ya Afrika ni farasi, bendera na uaminifu. Ruckteschell mwenyewe aliendelea na kazi hiyo hadi miaka ya 1938 na 1939, alipotengeneza sanamu za udongo wa kuchoma, askari na wapagazi, kwa kambi ya jeshi huko Hamburg. Sanamu hizo zipo hadi leo, na watu wa mji ule wamegombana sana juu ya namna ya kuzionyesha.

Jambo moja lililowekwa pembeni kabisa ni chakula. Mji unaotembea unakula. Lettow-Vorbeck hakuwa na meli wala reli ya kumletea unga, hasa baada ya 1916. Alichukua mashambani. Wabelgiji na Waingereza nao walichukua, ng'ombe na nafaka na watu. Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, njaa iliyofuata wazee waliiita Mtunya, na iliua watu wengi sana. Ndiyo kusema chungu cha mke wa askari kilijazwa kutoka chungu cha mke wa mkulima. Hawa wanawake wawili, mmoja nyuma ya jeshi na mwingine mbele yake akikimbia, ndio vita yenyewe. Hakuna litografia ya Berlin iliyowaweka kwenye karatasi moja.

Mwisho wao ulipitia ziwa letu. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya amani ya Ulaya, Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, kusini mwa Tanganyika. Askari zaidi ya 1,100 walikuwa bado naye, pamoja na wapagazi na wanawake. Walipelekwa ziwani, wakapandishwa meli hadi Kigoma, wakapakiwa kwenye treni hadi Tabora. Walipokuwa wamebanwa pamoja, mafua makali ya mwaka ule yakawaingia, na wengi waliopona risasi miaka minne wakafa kwa kikohozi.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari wazee waliobaki hai, afisa alifungua dirisha la malipo Mwanza. Wazee wengi hawakuwa na karatasi. Basi kila mmoja akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Hadithi hiyo hupendwa sana. Mimi kila nikiisikia namfikiria bibi mmoja amesimama nyuma ya foleni. Alitembea njia ile ile. Yeye angepewa amri gani ili athibitishe? Abebe chungu mara mbili kuzunguka ofisi?

Sasa nivuke bahari kidogo, kwa sababu huko Berlin kwenyewe, miaka ile ile, kulikuwa na mwanamke aliyeona jambo hili kwa upande mwingine. Anaitwa Käthe Kollwitz. Mtoto wake Peter, kijana wa miaka 18, alijitolea vitani, naye mama alimwombea ruhusa kwa baba yake. Peter aliuawa Ubelgiji mwezi wa 10 mwaka 1914, miezi miwili baada ya mizinga ya Lukuga. Mama akatafuta namna ya kulichora jambo hilo karibu miaka kumi. Alijaribu njia nyingine hazikumridhisha, mwishowe akashika ubao na kisu. Mwaka 1923 zikatoka chapa saba zinazoitwa Vita. Zina mama anayemtoa mtoto wake mchanga, wazazi waliopiga magoti wakashikana hadi huwezi kujua mkono ni wa nani, mjane mwenye mimba, na mama waliosimama duara wakiwafunika watoto katikati. Adui haonekani. Uwanja wa vita hauonekani. Ni nyumba tu, baada ya habari kufika.

Nikiziweka chapa hizo karibu na vitabu vya Ruckteschell, naona tofauti haiko katika ufundi. Mmoja alikuwa kambini akachora kwa ajili ya jeshi. Mwingine hakuikaribia hata handaki, akachora kutoka jikoni kwake. Mama wa Uvira au wa Fizi ambaye mtoto wake alikamatwa kuwa mpagazi akafia njia ya Tabora hakuwa na kisu cha kuchongea wala karatasi. Alikuwa na kilio, na kilio hakichapwi.

Kuna mwingine wa zamani zaidi ambaye watu waliokimbia makwao watamwelewa bila mwalimu. Jacques Callot alikuwa mtu wa Lorraine, nchi ndogo iliyokuwa kati ya wakubwa wawili wanaopigana. Mwaka 1633, jeshi la Ufaransa lilipoivamia nchi yake, alitoa picha 18 ndogo za bati la shaba juu ya mabaya ya vita. Kila picha ni fupi kuliko kiganja na pana kama viganja viwili. Katika mojawapo askari wako ndani ya nyumba ya mkulima. Wengine wanabeba vyakula, wengine wanafukuza watu, na mtu mmoja ametundikwa kichwa chini juu ya moto. Hayo pia ni maisha ya askari ndani ya nyumba, ila nyumba si yake.

Ninachomheshimia Callot ni kwamba hakuishia hapo. Picha zinazofuata zinaonyesha askari wale wale wakinyongwa na wakubwa wao, kisha wakiwa vilema hospitalini, kisha wakifa kando ya barabara wakiomba. Halafu wakulima wanalipiza kisasi. Hakumfanya askari shetani wala malaika. Alimfuata tu, kutoka siku anapoandikishwa hadi siku anapotupwa. Tangu miaka ya 1990 Fizi imeona majeshi na makundi mengi, ya serikali na yasiyo ya serikali, ya hapa na ya nje, na kila kundi lina watu wake wanaoliita letu. Mtu wa kuyafuata yote kwa jicho moja la namna ile ni adimu.

Turudi Kongo. Mwaka 1942 koloni lilitoa stempu mpya. Mwaka mmoja kabla yake, mwezi wa 7 wa 1941, askari wa Kongo walikuwa wamewashinda Waitaliano Ethiopia, katika vita tunayoiita Saio. Stempu zile zilikuwa na michikichi, chui, okapi, kichwa cha mwanamke wa Kongo, na askari. Stempu ni chapa ndogo kuliko zote, na hakuna chapa iliyotembea kuliko hiyo: ilibandikwa kila bahasha, ikalambwa na kila ulimi. Tazama jinsi walivyopanga. Mwanamke ana stempu yake. Askari ana yake. Kila mmoja amefungiwa katika fremu, pamoja na wanyama na miti, kama vitu vya nchi vinavyohesabiwa. Mtu angelazimika kununua stempu mbili ili awaweke mume na mke kwenye barua moja.

Baada ya uhuru, milima yetu yenyewe ikawa kambi. Che Guevara alifika Kibamba tarehe 24 Aprili 1965, akapewa jina Tatu, akaondoka mwezi wa 11. Katika maandishi yake analalamika kwamba wapiganaji walikataa kubeba mizigo, wakimjibu kuwa wao si magari. Swali langu ni lile lile: basi unga ulipandaje mlimani? Baadaye Laurent Kabila na wenzake wa PRP walikaa Hewa Bora, tangu Desemba 1967 hadi katikati ya miaka ya 1980. Wilungula Cosma aliandika kitabu cha historia juu ya maquis hayo, kikatoka 1997. Miaka karibu ishirini si ya mapigano peke yake. Watu walilima, walioa, walizaa, walifundisha watoto herufi, walizika. Wapo kati yetu wazee waliozaliwa huko. Picha zinazojulikana duniani kutoka milima yetu ni za Che ameketi na kofia yake, na baadaye za Kabila siku ya ushindi. Mama waliopika Hewa Bora wamebaki katika simulizi za jioni.

Siku hizi kila kijana ana simu, na picha za askari zinapita kwa WhatsApp kila saa. Askari anacheza, askari ameshika bunduki mbili, maiti ya askari wa upande wa pili. Zinapita na kufutika. Ndiyo maana naona kazi ya chapa bado ina nafasi yake, kwa kuwa ni ya polepole. John Muafangejo, aliyezaliwa mwaka 1943 kusini mwa Angola, akafanya kazi Namibia wakati wa vita hadi kifo chake mwaka 1987, alichonga linoleamu, ile ya kufunika sakafu. Alichonga vita vya wafalme, kanisa, ng'ombe, watu waliofukuzwa, na maneno yake mwenyewe pembeni ya picha, herufi kwa herufi. Vifaa vya kazi hiyo ni kisu na wino. Baraka hakuna anayeweza kusema vitu hivyo ni ghali.

Mafundi wa kashe tunao. Soli za kandambili zimejaa ufukweni baada ya kila mvua. Vijana wa Lusenda, wale wa Burundi, wana mikono myepesi, na walio Nyarugusu wana muda, hata kama hawakuuomba. Nimezungumza na fundi mmoja wa mihuri hapa sokoni. Amechoka kuchonga majina ya mashirika. Nilimwomba picha ya kwanza iwe ya barabara ya kwenda Lulimba siku ambayo watu wanahama. Upande mmoja lori la askari, juu yake godoro, sufuria, mama na kuku aliyefungwa miguu. Upande mwingine, akielekea alikotoka lori, mama mwingine kwa miguu, godoro kichwani, sufuria mkononi, naye ana kuku. Aliniuliza kama wanatazamana. Nikamwambia aamue yeye, yeye ndiye mwenye wembe.

Ameniambia soli moja haitoshi kwa barabara nzima, itabidi aunganishe tatu.